Jezi Unayovaa Ina Mwenyewe: Mazungumzo na Vijana wa Mpira wa Kikapu, Naitiri

 

Haya niliyasema Jumamosi jioni pale uwanjani Naitiri, mbele ya vijana kama arobaini hivi, wengine wamekalia mawe, wengine juu ya bodaboda zao. Mliokuwa nyuma mlilalamika kwamba upepo ulibeba maneno, mkaniomba niyaandike. Nimeandika vile nilivyosema, nikaongeza kidogo pale nilipokuwa nimesahau. Wewe ambaye hukuwepo, soma tu, maana jambo lenyewe linaweza kukufikia hata kama uko Kiminini, Webuye au Mumias.

Wacha nianze na ugomvi wenyewe, tusizunguke mbuyu.

Mnajua kuna mheshimiwa mtarajiwa (jina lake silitaji, na wewe usilitaje kwenye maoni hapa chini) ambaye ametuma watu wake kwa timu yetu. Anatoa jezi ishirini na nne, mipira miwili, na ringi mpya mbili na nyavu zake. Si kitu kidogo hicho. Ringi tuliyo nayo upande wa barabarani imeinama kama sikio la mbwa, mpaka mgeni akija kucheza inabidi aelezwe kwanza. Masharti yake: jina lake liwe kifuani, picha yake mgongoni, na timu itokee kwenye mikutano yake ikiitwa, mpaka uchaguzi wa 2027 upite.

Timu imegawanyika. Nusu wanasema, "Sisi ni wachezaji, siasa haituhusu, tuchukue jezi tucheze." Nusu wengine wanasema hawawezi kugeuzwa ubao wa matangazo. Wiki mbili sasa mazoezi yamekufa. Watu wanaobishana kila siku kuhusu LeBron na Jordan mpaka giza linaingia, leo hawasalimiani kwa sababu ya jezi ambazo hata hazijashonwa.

Mimi nilishukuru nilipoitwa, lakini sikuja kuwapa fatwa. Nilikuja na visa vya watu ambao waliulizwa swali hili hili, kwenye mchezo huu huu, na wakalijibu. Wengine walijibu vizuri, wengine walijibiwa na wakubwa wao.

Cha kwanza kiko karibu sana na sisi. Kuna ligi inaitwa Basketball Africa League, BAL, iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA, na ilianza kuchezwa Kigali mwaka 2021. Machi 2024 timu ya Dynamo kutoka Bujumbura ilikwenda Pretoria, Afrika Kusini, kucheza hatua ya makundi. Jezi za ligi ile zilikuwa na maandishi kifuani: Visit Rwanda. Rwanda ni mdhamini mkubwa wa BAL tangu mwanzo.

Sasa kumbuka hali ya nyumbani kwao. Desemba 2023 waasi wa RED-Tabara walivamia Vugizo, karibu na mpaka wa Kongo, watu ishirini wakauawa. Serikali ya Burundi ikasema Rwanda inawasaidia waasi wale. Rwanda ikakana. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Halafu Machi hiyo hiyo unamwambia kijana wa Bujumbura avae kifuani, mbele ya kamera za dunia, tangazo la kuwaalika watu Rwanda.

Mechi ya kwanza walifunika maandishi yale kwa utepe, wakaingia uwanjani, wakawapiga Cape Town Tigers. Walishinda, jamani! Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, kwa sababu timu ile ilikuwa na uwezo. Mechi iliyofuata ligi ikasema hapana, kanuni za mavazi ni kanuni. Dynamo hawakucheza na FUS Rabat, hawakucheza na Petro de Luanda, na kanuni ya ligi ni kwamba ukikosa mechi mbili umetoka. Wakafungasha virago wakarudi nyumbani.

Kuna kijana pale mbele aliruka aliposikia hivyo: "Mwalimu, hao ni mashujaa!" Nikamwambia polepole. Iliripotiwa kwamba agizo la kutovaa lilitoka Bujumbura, kwa wakubwa, na ndani ya kikosi kulikuwa na wachezaji waliotoka nje ya Burundi kabisa, ambao ugomvi wa mpaka haukuwa wao. Mtu ambaye ameambiwa na serikali yake asivae, na ligi yake imemwambia avae, anachagua nini? Pale juu kulikuwa na serikali mbili na ligi moja zikivutana kwa kitambaa kimoja, na aliyevaa kitambaa hakuulizwa. Mimi siwezi kumwita shujaa mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuchagua. Wala siwezi kumwita mwoga. Ninachosema ni kwamba aliyelipa gharama ni yeye. Msimu wake uliishia pale. 

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "jezi ni jezi tu," mwambie aende awaulize Dynamo.

Na jambo hili halikuishia Pretoria. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema Rwanda inawaunga mkono M23, Rwanda inakana. Mwezi uliofuata waziri wa mambo ya nje wa Kongo aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain, akizitaka ziachane na udhamini wa Visit Rwanda. Sisi tunaokaa huku tusijifanye mambo ya Goma ni ya mbali. Malori yanayopita Webuye na Bungoma kuelekea Malaba, mengine yanafika huko huko. Vijana wetu wako kwenye malori yale, wengine kama madereva, wengine kama turnboi. Basi Septemba 2025, wakati Goma bado iko mikononi mwa M23, timu ya Los Angeles Clippers ikatangaza kwamba itabeba Visit Rwanda kwenye jezi yake. Ndiyo timu ya kwanza ya NBA kufanya hivyo. Nyinyi mashabiki wa Clippers mnaovaa jezi hizo za mtumba kutoka Gikomba, sijui kama mlijua. Sisemi mzivue. Nasema mjue.

Hapo tukaingia kwenye swali la mwenye timu, na hapo ndipo vijana walichangamka.

Hebu niulize: timu za mpira wa kikapu Kenya ni za nani? Ulinzi Warriors ni ya jeshi. KPA ya Mombasa ni ya mamlaka ya bandari. Kuna timu za benki: Equity, KCB, Co-operative. Kuna za vyuo vikuu kama Strathmore na USIU. Kwa miaka mingi mpira huu ulisimama kwa migongo ya taasisi hizi, na tuwape haki yao, kwa sababu bila mshahara wa benki au bandari wachezaji wengi wangeacha mpira wakiwa na miaka ishirini na mbili. Lakini ona pia upande wa pili. Mwenye timu ndiye mwajiri wako. Mwaka 2019 watu wa Mombasa walipotoka barabarani kulalamika kwamba makontena yote yanalazimishwa kupanda SGR na mji unakufa njaa, tuseme wewe ni mlinzi wa kati wa timu ya bandari, na kaka yako ni dereva wa lori aliyekosa kazi. Utasema nini? Kwa mdomo upi? Sisemi kuna mtu alikatazwa. Nasema mtu wa namna hiyo huhitaji kukatazwa. Anajikataza mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Sasa mambo yanabadilika. Nairobi City Thunder ilinunuliwa na kampuni ya Twende Sports mwaka 2023, ikageuzwa timu ya kulipwa, na mwaka 2025 ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia BAL. Sote tulifurahi. Lakini kampuni ikinunua timu, inanunua ili ipate, na si dhambi. Hata hiyo NBA Africa ni kampuni yenye wawekezaji. Dikembe Mutombo, Allah amlipe kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, alikuwa mmoja wao. Luol Deng yumo. Barack Obama, mtoto wa jirani zetu wa Kogelo, ana hisa ndogo humo tangu 2021. Mchezo ni biashara. Anayekuambia mchezo hauna mwenyewe, muulize yeye analipwa na nani.

Kijana mmoja, yule mrefu wa Tongaren, akauliza swali zuri. "Sasa kama kila timu ina mwenyewe, mchezaji ana sauti gani?"

Nikamjibu kwa kisa cha Mahmoud Abdul-Rauf, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu wengi mnamjua kwa video fupi za mitupo yake tu.

Alizaliwa Gulfport, Mississippi, mwaka 1969, akiitwa Chris Jackson. Alisilimu mwaka 1991. Alikuwa mlinzi mdogo wa mwili wa Denver Nuggets, mwenye mkono ambao wazee wa mchezo huu bado wanausimulia. Msimu wa 1995/96 alikuwa anafunga zaidi ya pointi kumi na tisa kwa mechi. Msimu ule akaacha kusimama wakati wa wimbo wa taifa. Hakutangaza. Alikuwa anabaki chumba cha kubadilishia nguo, au ananyoosha misuli. Miezi ikapita bila mtu kusema kitu, mpaka Machi 1996 habari ilipotoka. Akaulizwa, akajibu waziwazi kwamba kwake bendera ile inabeba pia dhuluma, na hawezi kuwa na Mungu na dhuluma kwa wakati mmoja.

Tarehe 12 Machi ligi ikamsimamisha. Mechi moja bila mshahara, zaidi ya dola 31,000. Baada ya siku mbili hivi wakafika maelewano: atasimama, lakini atainamisha kichwa aombe dua. Akafanya hivyo, huku mashabiki wakimzomea. Mwisho wa msimu akauzwa Sacramento. Mwaka 1998 mkataba ukaisha, hakuna timu iliyompigia simu, na alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Akaenda kucheza Uturuki. Mwaka 2001 nyumba yake kule Mississippi ikateketea kwa moto.

Ninalopenda mlikumbuke ni kwamba hata Waislamu wenzake hawakukubaliana. Hakeem Olajuwon, ambaye Februari 1995 alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi huku amefunga Ramadhani, na nani kati yetu anaweza hilo, alikuwa na msimamo mwingine kuhusu kuheshimu desturi za nchi. Wote wawili walikuwa watu wa dini. Wote wawili walikuwa wachezaji wakubwa. Kwa hiyo usije ukaniambia eti Uislamu umeshajibu suala la jezi ya mheshimiwa na mtu asiyekubaliana nawe imani yake ni dhaifu. Nimesikia maneno hayo yakisemwa hapa wiki iliyopita, na yalinichukiza kuliko jezi zenyewe.

Tofauti ya Abdul-Rauf na Dynamo mnaiona? Yeye aliamua mwenyewe. Hakuna rais aliyempigia simu. Alijua atapoteza, akahesabu, akaingia. Na hakumlazimisha mwenzake hata mmoja wa Denver akae naye. Alikuwa peke yake kwa miezi, kimya.

Basi turudi kwa wenye timu. Hao hao Clippers, kabla ya Steve Ballmer, mwenye timu alikuwa Donald Sterling. Aliinunua mwaka 1981. Alikuwa tajiri wa nyumba za kupangisha, na serikali ya Marekani ilimshtaki mwaka 2006 kwa kuwabagua watu weusi na Walatino waliotaka kupanga. Mwaka 2009 akalipa zaidi ya dola milioni mbili na nusu kumaliza kesi. Hayo yaliandikwa magazetini. Ligi iliyajua. Wachezaji wangeweza kuyajua. Miaka ikaenda, watu wakacheza, wakalipwa.

Aprili 2014 sauti yake ikanaswa akimwambia rafiki yake wa kike asilete watu weusi kwenye mechi zake. Hapo dunia ikalipuka. Wachezaji wake walikuwa katikati ya mtoano na Golden State. Walifanya nini? Wakatupa fulana zao za kupasha mwili katikati ya uwanja, wakabaki na nguo nyekundu zilizogeuzwa ndani nje, jina la timu lisionekane. Kisha wakacheza. Wachezaji wa Golden State walikuwa wamepanga kutoka uwanjani mechi iliyofuata kama adhabu ingekuwa nyepesi. Adam Silver akamfungia Sterling maisha na kumtoza dola milioni 2.5, na timu ikauzwa kwa Ballmer kwa dola bilioni mbili.

Mkapiga makofi niliposema hapo. Mimi sikupiga. Mtu alinunua timu kwa dola milioni kumi na mbili na kitu, akaiuza kwa bilioni mbili. Hiyo ni adhabu au ni bahati nasibu? Na wale wapangaji? Mama aliyenyimwa nyumba kwa rangi yake hakuwa na kamera wala mtoano. Alipotukanwa mtu maarufu ndipo kila mtu akakumbuka haki. Ukitaka kujua mchezaji ana wajibu gani kwa umma, anzia pale, kwa mpangaji, si kwa rekodi iliyovuja. Wajibu ni kujua unayemfanyia kazi anawatendea nini watu wasioonekana.

Halafu kuna akina dada, na nafurahi kwamba timu yetu ina wasichana tisa sasa. Mwaka 2020 timu ya wanawake ya Atlanta Dream ilikuwa na mwenye hisa aitwaye Kelly Loeffler, seneta wa Georgia. Alipinga hadharani ligi kuunga mkono Black Lives Matter. Wachezaji wake hawakumtukana. Hata jina lake waliacha kulitaja. Walichofanya ni kukaa chini, kumchunguza mpinzani wake, mchungaji Raphael Warnock, kuzungumza naye, na Agosti wakatokea wamevaa fulana zinazosema watu wampigie kura. Januari 2021 Loeffler akashindwa. Februari timu ikauzwa, na mmoja wa wenye timu wapya alikuwa Renee Montgomery, aliyekuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo.

Ninajua utasema: aah, kumbe na wao walivaa jezi ya mwanasiasa! Ndiyo. Hilo ndilo nililotaka ulione. Walivaa jina la mwanasiasa kifuani, na wala sioni kosa lao. Lakini walimchagua wao, baada ya kumhoji wao. Hakuwapa ringi. Hakuna mtu aliyewaambia, "Vaa au urudi kwenu."

Kisa cha mwisho ni cha Luol Deng, na hiki nakipenda kwa sababu kinapitia Kitale.

Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka mabasi ya Lodwar na Kakuma yakipakia Kitale, na vijana warefu wa Sudan Kusini wakishuka na kupanda, na familia zao zilizopanga nyumba mjini watoto wakisoma shule zetu. Tulikuwa tunawatania kwa urefu. Hatukujua tunatania timu ya Olimpiki. Deng mwenyewe alizaliwa Wau mwaka 1985, akakimbilia Misri, kisha London, kisha NBA. Alipostaafu akachukua uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, akalipa mambo mengi kwa pesa za mfukoni mwake. Nchi isiyo na hata uwanja mmoja wa ndani wa kimataifa. Ndani ya miaka michache wakaingia Kombe la Dunia la 2023, na Julai 2024 wakiwa London waliwabana Marekani, ya LeBron na Curry, mpaka mwisho: 101 kwa 100. Huko Ufaransa wakawafunga Puerto Rico 90 kwa 79, baada ya waandaaji kuwapigia kwanza wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao. Wakasimama, wakangoja wimbo sahihi, wakacheza. Mmoja wa vijana wale, Nuni Omot, alizaliwa kambi ya wakimbizi hapa hapa Kenya. Mwingine, Khaman Maluach, alikulia Uganda kama mkimbizi, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi NBA.

Siwezi kusema Deng ni mtakatifu, na timu ya mtu mmoja mwenye pesa ina hatari zake. Siku akichoka itakuwaje? Lakini angalia alichoweka kifuani mwa wale vijana. Jina la nchi yao. Lake hakuliandika popote.

Sasa, jezi zetu.

Kwanza kuna jambo ambalo ninyi wavulana mlilisahau kabisa mkibishana. Mchoro wa jezi za mheshimiwa niliuona kwenye simu: ni singlendi tupu, zote. Wasichana wawili kati ya tisa wanavaa hijabu. Hakuna aliyewauliza. Mnajua mwaka 2014, kwenye Michezo ya Asia kule Incheon, wanawake wa Qatar waliambiwa wavue hijabu ndipo wacheze, wakakataa, wakapoteza mechi yao na Mongolia bila kurusha mpira? Kanuni ya FIBA ilikuwa inakataza kufunika kichwa. Watu wakaandika barua, wachezaji akina Bilqis Abdul-Qaadir wa Marekani wakapaza sauti na kupoteza nafasi zao, mpaka mwaka 2017 FIBA ikabadilisha. Dunia nzima imeruhusu, halafu Naitiri tuwafungie dada zetu nje kwa sababu ya fundi wa jezi? Kwa hiyo yeyote atakayelipa, awe mheshimiwa au sisi, kila jezi ya msichana anayetaka iwe na mikono mirefu ya ndani na kitambaa cha kichwa cha michezo. Hilo halina kura.

La pili, mimi ningekataa picha na ningekataa mikutano. Niliombwa maoni na hayo ndiyo maoni yangu. Ringi ningepokea, kama zinatolewa kwa uwanja na si kwa timu, kwa sababu uwanja ni wa watoto wote, na akitaka kuandika jina lake kwenye nguzo aandike, mvua itasoma. Lakini mgongo wa mtoto wa miaka kumi na sita si nguzo. Mtoto huyo ana baba ambaye huenda anamuunga mkono mtu mwingine, na uchaguzi hapa kwetu mnajua unavyopasha watu moto. Umesahau jirani alivyomkata jirani 2007? Wengine mlikuwa hamjazaliwa. Sisi tulikuwepo. Mlima Elgon haukuwa mbali na hapa. Kijana aliyevaa uso wa mtu mgongoni, akipita usiku mahali pasipofaa, hana muda wa kueleza kwamba yeye ni mchezaji tu.

Lakini ninaweza kuwa nimekosea, na wenye timu ni nyinyi. Ndiyo maana niliuliza swali ambalo hakuna aliyenijibu: timu hii ina daftari? Ina katiba hata ya ukurasa mmoja? Imesajiliwa kama kikundi cha vijana? Kimya. Mnabishana kama mkubali mwenye timu mpya, na hamjui wa sasa ni nani. Ndiyo sababu watu wa mheshimiwa walienda moja kwa moja kwa mtu mmoja mwenye simu kubwa, naye akasema ndiyo kwa niaba ya watu ishirini na nne.

Tulihesabu pale pale, kwa kijiti kwenye vumbi. Tuseme jezi na kaptula yake ni elfu moja. Watu ishirini na nne, shilingi mia mbili kila mwezi, ni elfu nne na mia nane. Kwa miezi mitano jezi zimelipwa. Yule wa Tongaren akasema mia mbili kwake ni nyingi, ana ada ya mdogo wake. Dada mmoja akasema kikundi cha akina mama wao huwa kinamruhusu mtu alipe kwa kazi, basi yeye apake mistari ya uwanja. Likapita. Hayo mawili dakika kumi yalitatuliwa, baada ya wiki mbili za kununiana.

Kura haikupigwa siku ile, kwa sababu wasichana watano hawakuwepo na wavulana wawili walikuwa na mizigo Kitale. Itapigwa Jumamosi hii saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, uwanjani pale pale. Ni kura ya siri, kwa karatasi. Hesabu itafanywa na wawili, mmoja kutoka kila upande wa ugomvi. Mwenye bei za jezi kutoka kwa mafundi wa Kitale, Kimilili au Bungoma mjini, azilete zimeandikwa, pamoja na bei ya zile zenye mikono mirefu. Mwenye simu kubwa aje na barua ya mheshimiwa kama ipo, isomwe mbele ya wote. Na mtu alete nyundo na ngazi. Ringi ya upande wa barabarani tutainyoosha kabla ya kupiga kura, tusingoje matokeo.